Neno "charge": vile utalielewa lote ukishika mzigo mmoja tu

Naandika hii mana nimechoka kuona watu wetu hapa Mombasa wakiumia kwa neno moja la Kizungu ambalo sote twadhani twalijua. Neno lenyewe ni "charge". Muulize mtu yeyote pale Mwembe Tayari atakwambia iyo ni chaji, ya simu, basi. Na si uongo. Lakini neno ilo ilo utalikuta kwenye bili ya hoteli, kwenye karatasi ya mahakama, kwenye mlango wa nesi mkubwa wa wodi, bandarini, na hata Shimba Hills siku ndovu akiamua kukujia mbio, na kila pahali lina maana yake, na ukiikosea waweza kupoteza pesa au mtu wako akalala ndani siku ambazo angelala kwao.

Hii ya kulala ndani ilitupata sisi. Khalati yangu wa Majengo, kijana wake alishikwa Alhamisi usiku, khalati akakimbia kituo kimoja hapa kisiwani kuuliza, afisa aliyekuwa mezani akamjibu kwa Kizungu, "There is no charge yet." Sasa Kizungu cha khalati ni cha kusikia sikia, na "no charge" alikuwa ashaisikia madukani, ajua ni bure, hakuna cha kulipa. Akaelewa mambo yameisha, kijana ataachiliwa asubuhi. Akashukuru akarudi nyumbani. Ijumaa kijana akapelekwa kortini peke yake, hakuna wa kumsimamia, hakuna pesa ya dhamana, sisi twapata habari alasiri korti ishafungwa, na kijana akakaa rumande mpaka Jumatatu. Afisa alikuwa amesema: bado hajafunguliwa mashtaka. Maneno matatu tu hayo.

Basi nimekaa nikapanga vile mimi mwenyewe nalielewa, hatua kwa hatua, na naomba uzifuate ivo ivo bila kuruka ile ya kwanza, mana ile ya kwanza ndo inabeba zote.

Hatua ya kwanza: weka simu kando, fikiria mkokoteni

Babangu alikuwa hamali Marikiti. Nimekua naona mkokoteni ukipakiwa, gunia la kwanza lakaa juu ya ekseli, la pili mbele kidogo, na ukipakia sana nyuma ule mpini wainuka na wamuinua hamali miguu ikaning'inia, nimemuona baba akining'inia ivo zaidi ya mara moja na watu wakikimbia kushika. Kupakia ni kazi ya akili. Na kila kilichopakiwa lazima kuna mtu atakikokota, hakuna mzigo unaojikokota wenyewe.

Sasa "charge" asili yake ni iyo kazi. Imetoka kwa Kilatini, "carrus", gari la kukokotwa, alafu wakapata kitenzi cha kupakia gari, "carricare", Wafaransa wakakifanya "charger", na Waingereza wakakichukua kutoka uko. "Car" ni ukoo mmoja, "carry" ni ukoo mmoja, na "cargo" ambayo twaiona imeandikwa kila pembe Kilindini pia ni nduguye, iyo imepitia kwa Wahispania. (Gari letu la Kiswahili msilichanganye hapo, lile latoka Uhindini, si ukoo wao.)

Kwa iyo kila ukikutana na "charge" usiulize kwanza "hii Kiswahili chake ni nini", uliza: mzigo gani unapakiwa, na nani anapakiwa? Ukipakiwa bei ni malipo. Ukipakiwa kosa ni mashtaka. Ukipakiwa kazi ya kuangalia watu, ni usimamizi. Betri ikipakiwa umeme ndo iyo chaji yetu. Maana ziko nyingi, mkokoteni ni mmoja.

Na kama waona natunga, uliza mtu yeyote aliyefanya kazi Saudia au Dubai. Chaja ya simu uko waiita "shahin", na kuchaji ni "shahn", na neno ilo ilo "shahn" ndo usafirishaji wa mizigo, utaliona limeandikwa kwenye maofisi ya kagoo. Na sisi Waswahili tumelichukua zamani, ndo shehena. Yaani Waarabu nao walipopata betri walifikiria mzigo vile vile, japo Kilatini na Kiarabu hazijazaliwa nyumba moja. Binamu yangu alirudi na neno "shahin" mdomoni akidhani ni la simu tu, nilipomwambia ni shehena ile ile ya melini alinyamaza kidogo akasema wallahi kweli.

Hatua ya pili: tazama kijineno kinachofuata

Waingereza wana vijineno vidogo vya kuunganisha na hapo ndo siri iko. Ukisikia "charge" sikio lako lingoje neno la pili au la tatu.

"Charged for" ni pesa. "I was charged for two plates", nimelipishwa sahani mbili.

"Charged with" ni kesi. "He was charged with theft", ameshtakiwa kwa wizi.

Hizi mbili zishike kama sala. "For" mfukoni, "with" kortini. Mtu akikosea akasema "I was charged for theft" ataeleweka ndio, lakini ukiandika barua rasmi au wewe ndo unamtafsiria mzee wako, tumia ile sawa.

"Charge to" ni kuandikia bili pahali, mgeni hotelini akwambia "charge it to my room" yaani asilipe sasa, iandikwe kwenye chumba chake, na wewe weita usiondoke bila kuuliza namba ya chumba na kupata sahihi, mana ikikataliwa mwisho wa siku utakatwa wewe. "Charge at" ni kuvamia. "In charge of" ni kusimamia. "Free of charge" ni bure.

Ikiwa hakuna kijineno chochote, tazama aliyesema yuko wapi. Ofisi ya polisi haiuzi soda.

Hatua ya tatu: charge ya pesa

Hapa wengi twajua kwa iyo sitakawia sana. "How much do you charge?" ni wewe walipisha ngapi, na hii ni ya kazi au huduma, tuktuk, fundi, salon, wakili. Kitu cha kununua kama embe waulizwa "how much is it". Tofauti ni ndogo lakini mgeni akikuuliza "how much do you charge to go to Nyali" jibu ni bei ya safari yote, kwa iyo kama wewe bei yako ni ya kila kichwa sema wazi "per person" kabla ya kuwasha injini, ugomvi mwingi wa tuktuk na wageni nimeuona unaanzia hapo, mmoja aliambiwa mia tano akajua ni gari zima na wako wanne.

Mfano mzuri wa "free of charge" ni feri ya Likoni. Mwenda kwa miguu hupita bila kulipa, gari na pikipiki walipa. Ukiwa na mgeni mweleze ivi: "Pedestrians cross free of charge, vehicles are charged." Umetumia neno mara mbili na hujakosea hata moja.

Kwenye bili ya hoteli kubwa waweza kuona "service charge". Iyo ni pesa ya huduma imeongezwa na hoteli, si ile kodi ya VAT ya asilimia 16 ambayo yaenda serikalini, na si bakshishi ya weita mkononi. Vitu vitatu tofauti, visomwe kila kimoja na mstari wake. "Cover charge" ni ya kuingia klabu au pahali penye bendi. "Transaction charge" ni ile wakatwa ukituma pesa kwa simu. "Overcharge" ni kuchinjwa bei, na ukitaka kulalamika kwa adabu sema "I think I have been overcharged", usiseme "you have charged me too much" kwa sauti ya juu, ya kwanza yaacha mlango wazi mtu arekebishe na hajaaibika mbele ya watu.

Na bandarini ndo usiseme, kuna "storage charge" ya mzigo kukaa, "handling charge" ya kushikwashikwa, kila siku yaongezeka. Kama waagiza gari au kontena mwambie ejenti wako akuandikie charges zote kwenye karatasi moja kabla meli haijatia nanga, na kila mstari aeleze ni mzigo wa nini na alipwa nani. Ejenti mzuri hakasiriki kwa swali ilo.

Hatua ya nne: charge ya kesi, na hapa tafadhali tulia usome polepole

Hii ndo sababu ya kuandika kwangu. Mtu akishikwa na polisi kuna ngazi, na kila ngazi ina neno lake, na watu huzichanganya zote kuwa "amefungwa".

Ya kwanza ni "arrested", ameshikwa. Hapo bado hajapakiwa kitu. Ya pili ni "charged", sasa amepakiwa kosa lenye jina, limeandikwa kwenye hati ya mashtaka, ile "charge sheet". Korti inamsomea na anaulizwa ni kweli au si kweli, iyo wanaita "plea". Alafu kesi yasikizwa. Mwisho kabisa ndo kuna "convicted", amepatikana na hatia, au "acquitted", ameachiliwa. Kwa iyo mtu kuwa "charged" haimaanishi ana makosa. Amepakiwa, lakini korti haijasema mzigo ni wake. Jirani akikwambia "fulani amekuwa charged" usianze kumuita mwizi, Katiba yenyewe yasema ahesabike hana hatia mpaka ithibitishwe.

Ukifika kituoni kumuulizia mtu wako, uliza maswali haya matatu, kwa Kiswahili kabisa, ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi pamoja na Kizungu, iko kwenye kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010, hakuna wa kukulazimisha Kizungu: Ameshikwa kwa sababu gani? Ashafunguliwa mashtaka au bado? Atapelekwa korti gani na saa ngapi? Andika majibu. Ukiambiwa "no charge yet" au "not yet charged" usirudi nyumbani kulala kama khalati, manake maana yake ni kuwa mashtaka yaweza kuja kesho asubuhi, na wewe usiku huo ndo wa kutafuta jamaa, kitambulisho na pesa ya dhamana. Ukiambiwa "he will be released without charge", iyo sasa ndo habari njema, ataachiliwa bila kushtakiwa. Sikiliza ile "released". Bila "released" hakuna kilichoisha.

Kifungu cha 49 chasema aliyeshikwa aelezwe haraka sababu ya kushikwa, kwa lugha anayoielewa, na afikishwe kortini ndani ya saa 24, au kama izo saa zaangukia wakati korti imefungwa basi siku ya korti inayofuata. Kifungu cha 50 chasema mshtakiwa aelezwe shtaka kwa kina cha kutosha aweze kujibu, na kama haelewi lugha ya korti apewe mkalimani bila kulipa. Sasa tazama, mkalimani huyo wa "charge" ni "free of charge". Neno moja kwa sentensi moja, lakini moja ni shtaka na moja ni malipo, na khalati yangu alikwama hapo hapo katikati.

Kwa iyo kijana wako akisomewa shtaka na hajaelewa asiitike. Asitikise kichwa. Aseme "sijaelewa, naomba mkalimani". Nimeona vijana wakisema "yes" kwa aibu tu ya kuonekana hawajui Kizungu, na iyo "yes" yaweza kuandikwa kuwa amekubali kosa.

Maneno mengine utakayosikia: "press charges" ni mlalamishi kushikilia mtu ashtakiwe, "drop the charges" ni mashtaka kuondolewa. Na pesa ya dhamana, ile "cash bail", si faini, hurudishwa kesi ikiisha ikiwa mshtakiwa amekuwa akija kortini, kwa iyo risiti iwekwe pahali pa siri isiliwe na mende.

Hatua ya tano: betri, bunduki na ndovu

Hizi tatu naziweka pamoja kwa sababu ni kisa kimoja. Zamani "kucharge" bunduki ilikuwa kuishindilia, baruti kwanza alafu risasi, na kile kipimo cha baruti pia kiliitwa "charge". Mizinga ya aina ile ya pale Ngome, Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, ilishindiliwa ivo kwa mdomo. Na mizinga ikipangwa safu moja safu iyo yaitwa "battery". Ndio, betri. Miaka ya 1740 Benjamin Franklin kule Marekani alikuwa akicheza na chupa za kuweka umeme, akazipanga safu, akaziita "battery" kama safu ya mizinga, na kuzijaza akaita "charge". Kwa iyo kila ukisema "nachaji betri" unasema maneno mawili ya mizinga.

Kwa matumizi ya kila siku: simu ikiisha, mwambie mgeni "my phone is dead" au "my battery is dead". Ile yetu ya "I don't have charge" aweza kuielewa akifikiria, lakini "no charge" yeye kichwani mwake yasoma bure. Mwenye kibanda cha kuchajisha simu akibandika karatasi "NO CHARGE" siku stima imepotea, watalii watakuja na simu zao wote. Andika "NO POWER TODAY". "Charged" yatamkwa mkupuo mmoja, chaajd, usiikate iwe cha-ji-di.

Ndovu nao: "the elephant charged" haina uhusiano na tiketi ya kuingia hifadhini. Ni kuja mbio kwa kuvamia, vile askari wa farasi walivyokuwa wakimvamia adui, silaha tayari mkononi. Mwelekezi wa watalii akikwambia "it's going to charge" usitafute pochi, ingia garini.

Hatua ya sita: kubeba watu, na kushusha

"In charge" hapa kwetu tumelifanya cheo kabisa, "inchaji yuko wapi?" na ni sawa, latumika mahospitali yote. Ila usigeuze: "I am in charge of the children" mimi ndo naangalia watoto, "I am in the charge of" mimi ndo naangaliwa. Dada zetu wanaotafuta kazi za kulea watoto kwa wageni, kwenye barua mkiona "her charges" si pesa anazotoza, ni watoto anaowalea. Wamepakiwa kwake.

Na mzigo ukishushwa ni "discharge". Meli yashusha shehena, "the vessel is discharging". Mgonjwa aruhusiwa kwenda nyumbani, "discharged", na apewe karatasi yake ya "discharge summary" ambayo usiiache wodini mana daktari wa kliniki ataiuliza. Lakini daktari akimuuliza mamako "any discharge?" hamuulizi karatasi wala lini ataruhusiwa, amuuliza kama kuna usaha au majimaji yatoka kwenye kidonda, sikio, au sehemu za siri. Wamama wetu wengi hujibu "no, not yet" wakidhani ni ile ya kwenda nyumbani, na ugonjwa ukabaki hapo haujaandikwa. Kama wewe ndo umempeleka, simama karibu umuulize kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, tena kama ni mamako na wewe ni mtoto wa kiume basi tafuta dada au nesi wa kike amuulize, atasema ukweli zaidi.

Jipime

Soma hizi bila kutazama chini. Moja, "He was discharged and not charged." Mbili, "The in-charge says there is no charge for the card." Tatu, "They charged him with overcharging." Nne, "Charge it and I'll pay when it's full."

Majibu. Ya kwanza wategemea ulipo: hospitalini ni ameruhusiwa na hakulipishwa, kituoni ni ameachiliwa na hakushtakiwa. Ya pili, msimamizi asema kadi ni bure. Ya tatu ameshtakiwa kwa kosa la kuwachinja watu bei. Ya nne ni ya kibanda cha simu, ichaji, nitalipa ikijaa.

Khalati nilimpa ile ya kwanza juzi, yuwakaanga viazi karai mlangoni. Akanyamaza, akageuza viazi, akaniuliza, "Wamwambia nani, na wapi?"